ADHD ukubwani: Dakika ishirini hazitoshi kuyasoma maisha ya mtu

Mjadala kuhusu ADHD, yaani hali ya upungufu wa umakini na kutotulia, kwa watu wazima una kambi mbili zisizosikilizana. Moja inasema siku hizi kila aliyechoka na kusahau funguo anapewa jina la ugonjwa na karatasi ya dawa. Nyingine inasema kuna watu waliofikisha miaka arobaini au hamsini wakijihesabu kuwa wavivu na wazembe, kumbe tangu utotoni walikuwa na tatizo ambalo hakuna aliyewahi kuwauliza habari zake. Kila kambi ina ushahidi wake, na kila moja inadhani ushahidi huo unaibomoa nyingine. Mimi naona zote zinasema kweli. Anayepachikwa utambuzi usiomhusu na anayekosa utambuzi anaouhitaji wanaangushwa na jambo lile lile: uchunguzi wa harakaharaka unaotazama dalili za leo bila kuyafungua maisha ya mtu tangu alipokuwa mtoto.

Tuanze na ukubwa wa suala. Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa cha Marekani (CDC) kilikadiria kuwa mwaka 2023 watu wazima milioni 15.5 wa nchi hiyo, sawa na asilimia 6, walikuwa na utambuzi wa ADHD. Takriban nusu yao waliupata baada ya kutimiza miaka 18. Kwa upande mwingine, utafiti wa kimataifa uliofanywa katika nchi 20 chini ya mradi wa Shirika la Afya Duniani (WHO) na kuchapishwa mwaka 2017 ulikadiria kuwa watu wazima wenye hali hiyo ni asilimia 2.8, na wachache sana kati yao ndio waliokuwa wametibiwa kwa ajili ya ADHD yenyewe. Hesabu hizi mbili zilipatikana kwa njia tofauti, kwa hiyo si haki kuzipambanisha moja kwa moja. Ila zikiwekwa pamoja zinaonyesha jinsi mahali pamoja panavyoweza kutoa utambuzi kwa wingi huku kwingine wenye shida wakiwa hata hawajaulizwa swali la kwanza.

Kwa nini watu wazima walisahaulika? Kwa sababu kwa miongo mingi tiba yenyewe iliamini kwamba hili ni jambo la watoto. Mwaka 1902, daktari wa watoto George Still alitoa mihadhara London kuhusu watoto wenye akili za kutosha ambao hata hivyo hawakuweza kujizuia wala kutulia na jambo moja. Mwongozo wa Marekani wa magonjwa ya akili, unaojulikana kama DSM, ulipotoa toleo la pili mwaka 1968 uliielezea hali hii kama utukutu wa utotoni ambao kwa kawaida hupungua mtu anapobalehe. Daktari aliyesomea kwenye mwongozo huo hakuwa na sababu ya kumuuliza mhasibu wa miaka 35 kama anaweza kumaliza anachokianza. Katika miaka ya 1970, daktari wa magonjwa ya akili Paul Wender na wenzake kule Utah, Marekani, walianza kuwachunguza watu wazima na kuonyesha kwamba wapo ambao hali hii haikuwaacha, lakini ilichukua muda mrefu kabla ya vitabu kuwafuata.

Hata vilipowafuata, viliwafuata kwa lugha ya watoto. Vigezo vya toleo la nne la DSM, la mwaka 1994, vilijaribiwa kwa watoto na vijana wa miaka 4 hadi 17. Ndiyo maana ilibidi mtu mzima ajibu kama huwa anakimbiakimbia au kupanda juu ya vitu mahali pasipofaa. Toleo la tano, la 2013, lilirekebisha sehemu ya kasoro hiyo. Mtu aliyefikisha miaka 17 sasa anahitaji dalili tano kati ya tisa katika kundi la kukosa umakini au kundi la utukutu na papara, wakati mtoto anahitaji sita. Umri ambao dalili kadhaa ziwe zimeshaonekana ulisogezwa kutoka kabla ya miaka 7 hadi kabla ya miaka 12. Masharti mengine yalibaki: dalili zionekane katika mazingira mawili au zaidi, kwa mfano nyumbani na kazini, ziwe zinaathiri maisha kweli, na zisiwe zinaelezeka vizuri zaidi kwa ugonjwa mwingine. Nitarudi kwenye sharti hilo la mwisho, maana ndilo linalorukwa kirahisi kuliko yote.

Ukubwani utukutu hubadilika sura. Aliyekuwa akiruka juu ya viti darasani sasa anakaa kwenye kikao saa nzima bila kuinuka, lakini ndani yake kunachemka. Anasoma aya moja ya mkataba mara nne na haimwingii. Barua ya kodi inakaa mezani wiki tatu haijafunguliwa. Si kwamba hana fedha wala hajui wajibu wake. Kila anapoitazama, kuianza kunamshinda, naye anaona aibu kumwambia mtu jambo linaloonekana dogo namna hiyo. Ripoti aliyopewa mwezi mzima anaiandika usiku wa mwisho, na kwa kuwa ana akili inatoka nzuri, basi bosi anasema: "Unaona? Ukitaka unaweza."

Kauli hiyo imewafungia watu wengi mlango wa tiba, kwa hiyo inafaa kuichambua. Ndugu na marafiki husema: "Mbona kitu ukikipenda unakesha nacho?" Kwao hilo ni ushahidi kwamba umakini upo na kinachokosekana ni nia. Lakini wanaoishi na ADHD wanaelezea tatizo la kuuelekeza umakini, kuubakiza pale unapotakiwa na kuuhamisha kwa wakati. Jambo jipya, la kusisimua au lenye tarehe ya mwisho kesho asubuhi linaweza kuwashika kwa saa nyingi mpaka wanasahau kula. Jambo muhimu lisilo na msisimko, kama kujaza fomu, linawaponyoka kila wanapolishika. Mchunguzi anayemwona mtu ana shahada au ameandika programu ya kompyuta usiku kucha, akahitimisha kwamba hawezi kuwa na ADHD, hajaielewa hali anayoichunguza.

Sasa tuje kwenye dodoso, maana hapo ndipo safari ya wengi inapoanza na, kwa bahati mbaya, inapoishia. Linalotumika zaidi duniani kwa watu wazima ni lile lililoandaliwa kwa ushirikiano na WHO na kuchapishwa mwaka 2005. Lina maswali 18, na sita ya mwanzo yanatosha kwa mchujo: majibu yako yakiangukia visanduku vyenye kivuli kwenye maswali manne au zaidi, unashauriwa kuchunguzwa zaidi. Ni chombo kizuri kwa kazi kiliyotengenezewa, nayo ni kuchuja. Hakikutengenezwa kutoa hukumu.

Hesabu rahisi inaonyesha kwa nini. Tuchukue mfano wa kubuni: watu 1,000, kati yao 30 wana ADHD. Tulipe dodoso letu sifa nzuri kabisa, kwamba linawanasa 27 kati ya hao 30, na linakosea kwa watu 10 tu katika kila 100 wasio na tatizo. Wasio na tatizo ni 970, kwa hiyo dodoso litawanyooshea kidole 97 kati yao. Jumla walionaswa ni 124, na wenye ADHD kweli ni 27, yaani mmoja kati ya watano hivi. Hakuna aliyedanganya na dodoso halikuharibika. Ndivyo mchujo wowote unavyofanya kazi pale kinachotafutwa kinapokuwa kwa watu wachache. Anayegeuza matokeo hayo kuwa utambuzi bila hatua ya pili anawapa jina la ugonjwa watu wanne ili kumpata mmoja.

Na hiyo ni kabla hatujagusa udanganyifu. Mwanafunzi anayetafuta vidonge vya kumkeshesha wakati wa mitihani anaweza kulijaza dodoso hilo likasema anachotaka liseme, kwa sababu majibu yanayotarajiwa yako wazi kwa yeyote anayejua kusoma. Sipendi jinsi hoja hii inavyotumika kuwashuku wagonjwa wote. Wengi wanaokuja kuchunguzwa wamekuja kwa sababu maisha yamewaelemea. Hata hivyo, hata mwenye nia safi anaweza kujiona katika kila swali akiwa amekonda kwa msongo wa mawazo.

Hatua ya pili ni mazungumzo marefu, na mazungumzo hayo yanaanzia utotoni. Hapo ndipo ugumu wenyewe ulipo.

Fikiria watu wawili waliojibu dodoso sawasawa, wote wamepata tano kati ya sita. Wa kwanza ni mwanamke wa miaka 41. Mchunguzi anamwuliza: "Dada, kusahau miadi kulianza lini?" Anacheka kidogo. "Sijui kama kulianza. Nilipokuwa mdogo mama alikuwa akiniandikia kwenye mkono kwa kalamu ili nisisahau kurudi na sweta." Akiendelea kuulizwa, yanatoka mengine: vitabu vilivyopotea kila muhula, mwalimu aliyemhamishia dawati la mbele ili asitazame dirishani, ripoti za shule zenye maneno yale yale mwaka baada ya mwaka, kwamba ana uwezo lakini hamalizi kazi. Wa pili ni mwanamume wa miaka 44. Naye anasahau miadi, anapoteza mwelekeo katikati ya sentensi, anakasirika upesi. "Kaka, ulikuwa hivi shuleni?" Anafikiri, kisha anatikisa kichwa. Alikuwa kiranja, alipanga ratiba za timu nzima. Mabadiliko yamekuja ndani ya miaka mitatu. Mkewe, aliyeketi pembeni, anaongeza kitu ambacho dodoso halikuuliza: usiku anakoroma sana, mara anakatika pumzi, kisha anashtuka. Asubuhi anaamka amechoka kuliko alivyolala.

Mwanamke huyo anahitaji uchunguzi wa ADHD uendelee. Mwanamume anahitaji kupimwa usingizi kabla ya kitu kingine chochote, kwa sababu pumzi inayokatika usiku kucha inaunyima ubongo usingizi wa kweli, na ubongo usiolala hukosa umakini. Akipewa vidonge vya kuchangamsha huenda hata akajisikia nafuu kwa miezi kadhaa, huku mapigo ya moyo na shinikizo la damu vikipanda juu ya ugonjwa ambao nao unauchosha moyo. Kilichowatenganisha watu hawa wawili ni swali la "tangu lini" na shahidi mmoja aliyeketi pembeni. Katika miadi ya dakika ishirini, vyote viwili ndivyo vya kwanza kukatwa.

Kumbukumbu ya utotoni, hata hivyo, ni shahidi dhaifu, na tusijidanganye kuhusu hilo. Kule Dunedin, New Zealand, watafiti wamewafuatilia watu 1,037 waliozaliwa 1972 na 1973 tangu utotoni mwao. Walipofika miaka 38, asilimia 3 hivi walitimiza vigezo vya dalili za ADHD. Jambo lililowashtua wengi, matokeo yalipochapishwa mwaka 2015, ni kwamba takriban tisa kati ya kumi wa watu hao hawakuwa na ADHD katika rekodi za utotoni. Utafiti huo huo ulionyesha pia kwamba sehemu kubwa ya wazazi ambao watoto wao walikuwa na tatizo hilo kwenye rekodi hawakulikumbuka tena miongo kadhaa baadaye. Kwa hiyo mzazi anayesema "alikuwa mtoto mtulivu tu" anaweza kuwa anasema kweli, anaweza kuwa amesahau, au anaweza kuwa analinda heshima ya nyumba. Karatasi za shule, zikipatikana, zina thamani kuliko kumbukumbu ya yeyote, kwa kuwa ziliandikwa na mtu asiyejua zitatumika kwa nini.

Matokeo ya Dunedin yalizua swali kubwa: je, ADHD inaweza kuanza ukubwani? Jibu lenye uzito zaidi nililosoma lilikuja mwaka 2018 kutoka kwa Margaret Sibley na wenzake Marekani. Walichukua vijana waliokuwa wamefuatiliwa tangu utotoni na ambao hawakuwa na ADHD wakati huo, wakawatazama wale ambao baadaye madodoso yaliwaonyesha kuwa nayo, kisha wakawachunguza hatua kwa hatua. Takriban asilimia 95 waliondolewa. Kwa wengi, dalili zilielezeka kwa matumizi ya pombe au dawa za kulevya au kwa ugonjwa mwingine wa akili, au hazikuwa na madhara ya maana kwa maisha yao. Asilimia chache waliobaki si wa kupuuzwa. Ila tazama maana ya namba hiyo kwa kliniki yoyote inayotoa utambuzi kwa dodoso la siku moja.

Hata hivyo, sharti la miaka 12 likitumiwa kama panga linawakata watu wasiostahili. Mtoto mwenye akili nyingi katika nyumba yenye utaratibu mkali anaweza kufika chuo kikuu bila dalili yake kuonekana. Mama anamwamsha, baba anamkagua daftari, shule inapiga kengele kila baada ya dakika arobaini kumwambia sasa fanya hili. Ni kama ukuta mbovu ulioegemezwa nguzo: anayepita nje anauona umesimama wima. Nguzo zinapoondolewa, anapohamia kuishi peke yake, anapopata mtoto wa kwanza, anapopandishwa cheo na kupewa kazi isiyo na ratiba, ukuta unalala. Kwa mtu kama huyu, kuuliza "ulikuwa mtukutu shuleni?" ni kupoteza muda. Lenye maana ni "nani alikuwa anakusaidia, na nini kilitokea siku alipoacha?" Naliona kuwa swali bora kuliko yote katika uchunguzi huu, na sioni likiulizwa vya kutosha.

Wanaoumia zaidi hapa ni wanawake. Utotoni, wavulana hupata utambuzi mara mbili au tatu zaidi ya wasichana, lakini tukifika ukubwani tofauti hiyo inapungua sana. Hakuna sababu ya kuamini kwamba wasichana hao walianza kuumwa wakiwa na miaka thelathini. Wengi walikuwa ni wale wanaotazama dirishani kimyakimya bila kumsumbua mtu, na mwalimu mwenye darasa kubwa humwandikia barua mzazi wa anayesumbua. Ukubwani huingia hospitali kwa mlango mwingine: wanatibiwa sonona au wasiwasi kwa miaka, wanapata nafuu ya nusu, wanarudi tena. Wapo wanaogundua habari zao wenyewe siku wanapompeleka mtoto wao kuchunguzwa, wakamsikiliza mtaalamu akisoma orodha ya dalili na kuhisi wanasomewa maisha yao. Hilo lina msingi, kwa sababu tafiti za mapacha zinakadiria kuwa urithi unaeleza karibu asilimia 74 ya tofauti kati ya watu katika dalili hizi. Kisha kuna kipindi cha kukaribia kukoma hedhi, ambapo mabadiliko ya homoni yanaweza kuvuruga umakini na usingizi kwa mwanamke yeyote, na kuzidisha hali ya mwenye ADHD tayari. Mchunguzi anayeambiwa "nimeharibika tangu nifikishe miaka 46" ana kazi ya kuyatenganisha hayo, na kwa mara nyingine njia ya kuyatenganisha ni historia.

Nilisema nitarudi kwenye sharti la ugonjwa mwingine. Ugumu wake ni kwamba orodha ya vinavyofanana na ADHD ni ndefu mno: sonona, wasiwasi, kiwewe, bipola (ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi), pombe na bangi, kukosa usingizi, tezi ya shingoni isiyofanya kazi sawasawa, upungufu wa madini ya chuma mwilini. Mwendo wa muda unasaidia. Sonona mara nyingi huja na kuondoka kwa vipindi, na mtu anaweza kukuambia alivyokuwa kabla yake. ADHD huwa haina "kabla". Lakini vitu hivi havikatazani. Mtu mzima mwenye ADHD mara nyingi ana tatizo jingine la akili pamoja nayo, na wakati mwingine la pili limezaliwa na la kwanza: ukiambiwa miaka ishirini kwamba hujitumi, wasiwasi na kujidharau si jambo la ajabu. Daktari anayesema "una wasiwasi, kwa hiyo huna ADHD" amekosea sawa na yule anayesema "una ADHD, huo wasiwasi utaisha wenyewe." Panapokuwa na bipola suala linakuwa la hatari, kwani dawa za kuchangamsha ubongo zinaweza kumchochea mtu asiyetulizwa kwanza akapanda kichaa.

Wapo wanaotafuta njia ya mkato kwenye mashine. Hakuna kipimo cha damu cha ADHD. Picha za ubongo zinaonyesha tofauti ndogo za wastani kati ya kundi kubwa la wenye hali hii na kundi la wasio nayo, lakini haziwezi kumwambia mtu mmoja yuko kundi gani. Vipimo vya umakini vya kompyuta vinaweza kuongeza taarifa, na mtu mwenye ADHD anaweza kuvifaulu vizuri kwa sababu ni vipya na vinachukua dakika chache. Anayekuuzia picha ya ubongo kama utambuzi anakuuzia kitu ambacho sayansi haijakifikia.

Njia nyingine ya mkato ni kidonge chenyewe. "Nilijaribu cha rafiki yangu nikatulia, basi ninayo." Hoja hii ilishajibiwa zamani. Mwaka 1978, Judith Rapoport na wenzake walichapisha katika jarida la Science matokeo ya kuwapa wavulana wasio na tatizo lolote dozi moja ya amfetamini, mojawapo ya dawa za kuchangamsha ubongo: nao walitulia na umakini wao ukaongezeka. Dawa hizi hubadilisha umakini wa watu wengi, kwa hiyo kuzihisi zikifanya kazi hakuthibitishi ugonjwa. Zaidi ya hapo, kumeza dawa ya mwenzako bila kupimwa moyo na shinikizo la damu ni kucheza na uhai.

Kuhusu video za mitandaoni nitasema kidogo, maana zimelaumiwa vya kutosha. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 ulizipitia video 100 maarufu za TikTok kuhusu ADHD na kukuta asilimia 52 zinapotosha. Ni nyingi mno. Lakini anayeiona video hiyo na kwenda kuuliza amefanya jambo la busara, na kumfukuza kwa kuwa "ameitoa mtandaoni" ni kumwadhibu kwa uzembe wa wengine.

Kinachonisukuma kuandika ni gharama ya makosa, na upande wa kukosa utambuzi unanitisha zaidi. Mwaka 2015 Søren Dalsgaard na wenzake walichapisha uchambuzi wa rekodi za watu milioni 1.92 wa Denmark. Wenye ADHD walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kufa mapema, hasa kwa ajali. Waliotambuliwa wakiwa wamefikisha miaka 18 au zaidi ndio waliokuwa na hali mbaya kuliko wote, na kiwango chao cha vifo kilizidi mara nne cha wasio na ADHD. Inawezekana waliofika kwenye rekodi ukubwani walikuwa wale waliozidiwa, kwa hiyo kuchelewa peke yake hakuelezi tofauti yote. Lakini mtu anayeendesha gari huku mawazo yake yamekwenda kwingine, anayekurupuka, anayetumia pombe kujituliza, yuko hatarini leo, na hatari hiyo ina tiba. Uchambuzi mkubwa wa 2018 katika jarida la Lancet Psychiatry ulionyesha kwamba dawa za ADHD zinapunguza dalili kwa watu wazima katika wiki za mwanzo za matibabu. Data za muda mrefu bado ni chache.

Nini kifanyike? Mwongozo wa mwaka 2018 wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba, ulishasema wazi kwamba utambuzi usitolewe kwa dodoso peke yake, na ufanywe na mtaalamu aliyefunzwa, baada ya kupata historia kamili ya makuzi na ya afya ya akili. Mahojiano maalumu yanayopitia dalili zote 18, utotoni na sasa, huchukua saa moja na nusu hivi. Najua jibu la wakuu wa hospitali: wataalamu ni wachache na foleni ni ndefu. Ni kweli. Lakini sehemu kubwa ya kazi hiyo haihitaji daktari bingwa. Mwenye shida anaweza kupewa mapema karatasi ya kuandika maisha yake kwa vipindi: shule ya msingi, sekondari, kazi ya kwanza, ndoa, watoto, na katika kila kipindi nini kilimshinda na nani alimshika mkono. Anaweza kuambiwa aje na ndugu mkubwa, au na ripoti za shule. Muuguzi aliyefunzwa anaweza kupima damu na shinikizo, kuuliza usingizi na pombe. Bingwa akimkuta mtu amefika na hayo yote, saa yake moja ina kazi ya kufanya. Na muda huo ulipwe. Mfumo unaomlipa mtaalamu kwa idadi ya vichwa alivyoona umeshaamua kwamba historia haitaulizwa.

Tena uchunguzi usiwe wa siku moja. Sibley na wenzake walionyesha mwaka 2022 kwamba kwa wengi waliokuwa na ADHD utotoni dalili hupanda na kushuka kwa miaka, na ni asilimia 9 hivi tu waliopona na kubaki wamepona hadi mwisho wa ufuatiliaji. Mtu aliyekuja katika mwaka mzuri anaweza kuonekana hana kitu, na aliyekuja mwezi aliofiwa anaweza kuonekana ana kila kitu. Miadi ya pili baada ya wiki kadhaa ingeepusha makosa ya pande zote.

Limebaki suala la mtu anayeambiwa hapana. Katika huduma nyingi, jibu hilo ndilo mwisho: faili linafungwa, anarudi nyumbani na barua ya mistari miwili inayosema hajatimiza vigezo. Lakini alikuja kwa sababu hawezi kufanya kazi yake, au ndoa yake inayumba, au hajalala vizuri kwa mwaka. Barua inayofaa ingemwambia dalili zipi zilionekana na zipi hazikuonekana, zilianza lini, nani alithibitisha, nini kilipimwa, na nini kinashukiwa sasa badala ya ADHD, pamoja na mahali anapotakiwa kwenda na tarehe ya kwenda. Anayeambiwa ndiyo anastahili barua hiyo hiyo, kwa maneno hayo hayo, ili daktari mwingine miaka mitano baadaye aweze kuona hitimisho lilijengwa juu ya nini na kulipinga ikibidi. Ukipewa jibu lolote kati ya haya mawili bila karatasi ya aina hiyo, iombe kabla hujatoka.